Kasi ya maji ndani ya mirija ya kaboni: kisa cha tarakimu zilizokataa kukubaliana

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature matokeo mafupi ambayo hadi leo yanazungumziwa. Walikuwa wametengeneza utando wa plastiki ya polistirini, ndani yake kukiwa na mirija nano ya kaboni (mabomba madogo mno yenye ukuta wa atomi za kaboni) iliyosimama wima, kila mmoja na uwazi wa takribani nanomita 7; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Wakasukuma maji yapite. Maji yakapita kwa kasi iliyozidi ile ya hesabu za kawaida za mtiririko, tena kwa tofauti ambayo hakuna aliyeitarajia: mara elfu kumi hadi laki moja.

Mwaka uliofuata, kundi lililoongozwa kutoka Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore, California, likatoa katika jarida la Science matokeo ya utando mwingine. Mirija yake ilikuwa myembamba zaidi, chini ya nanomita 2. Humo nako maji yalizidi hesabu kwa zaidi ya mara elfu moja, na gesi kwa zaidi ya mara kumi.

Halafu wakaja watu wa uigaji, wale wanaofuatilia molekuli moja moja ndani ya kompyuta kwa sheria za Newton. Hesabu zao zilitoa ongezeko la makumi, au mamia. Mwaka 2013 kundi moja liliiga mirija mirefu kiasi cha kukaribia unene wa tando halisi za maabara, yaani kufikia kiwango cha maikromita, na ongezeko likaishia kwenye kiwango cha mamia. Waandishi wake walisema wazi kwamba kasi zilizoripotiwa maabarani haziwezi kuelezwa kwa maji kugusana na kaboni safi peke yake.

Kati ya mia na laki moja kuna pengo la mara elfu. Pengo la namna hiyo halitokani na mizani mbovu au kipimajoto kilichopotoka kidogo. Ama kuna fizikia ambayo waigaji hawakuiweka kwenye programu zao, ama kuna kitu maabarani kilichohesabiwa vibaya. Kwangu hiki ni mojawapo ya visa bora vya sayansi ya karne hii, kwa sababu majibu yote mawili yaligeuka kuwa na ukweli ndani yake.

Maji yanaingiaje kwanza

Kabla ya kuuliza maji yanakimbia vipi, tuulize yanaingia kwa nini. Ukuta wa kaboni hauna chaji za kuyavutia maji, na tone la maji likiwekwa juu ya vitu vya jamii hiyo hujikunja badala ya kutandaa. Wengi walitegemea mrija mwembamba wa kaboni ubaki mtupu hata ukizamishwa majini.

Mwaka 2001 Gerhard Hummer na wenzake Jayendran Rasaiah na Jerzy Noworyta walilijaribu swali hilo kwa uigaji. Walichukua kipande kifupi kabisa cha mrija: atomi 144 za kaboni, kipenyo cha nanomita 0.81, urefu wa nanomita 1.34. Wakakizungusha kwa takribani molekuli elfu moja za maji na kuacha mambo yaende. Mrija ukajaa wenyewe, ukabaki umejaa. Ndani yake zilikaa molekuli tano hivi kwa wastani, zimepangana mkia kwa kichwa katika mstari mmoja, kwa kuwa molekuli ya maji ina upana wa takribani nanomita 0.28 na atomi za ukuta zenyewe zinakula sehemu ya nafasi. Hakuna pa kupishana.

Hapa panastahili kukaa kidogo. Maji huru hushikana kwa bondi za haidrojeni, na kila molekuli ina karibu nne. Ikiingia kwenye mstari inabaki na mbili: moja na iliyo mbele, moja na iliyo nyuma. Hiyo ni hasara kubwa ya nishati, na mvutano hafifu wa ukuta unafidia sehemu yake tu. Kinachookoa hali ni kwamba bondi mbili zinazobaki ni tulivu mno, zimekingwa na ukuta, hazivunjwi na majirani wa pembeni kwa sababu pembeni hakuna majirani. Ndani ya maji huru kuna molekuli zilizofungwa vizuri na nyingine zilizofungwa vibaya. Ndani ya mrija zote zinakaribiana hali.

Na bado usawa huo uko ukingoni. Hummer na wenzake walipopunguza kidogo tu mvutano kati ya kaboni na maji, mrija ulianza kubadilika ghafla kati ya hali mbili, mtupu au uliojaa, na mabadiliko hayo yakawa yanatokea kwa kipimo cha nanosekunde. Hali ya katikati haikudumu. Mtu akikwambia kwamba mrija wa kaboni "unapenda" au "unachukia" maji, mwulize kwanza anazungumzia tarakimu gani za mvutano.

Mwendo wenyewe ulikuwa wa kuvutia vilevile. Kwa kawaida, chembe zilizopangwa mstari bila kupishana husambaa polepole: mraba wa umbali wa wastani hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, ilhali katika nafasi huru hukua sambamba na muda wenyewe. Kila mmoja anamsubiri wa mbele. Lakini mnyororo wa maji umefungwa kwa bondi, kwa hiyo molekuli ikijipenyeza upande mmoja, mnyororo mzima unasogea na molekuli nyingine inatoka upande wa pili. Katika nanosekunde 66 za uigaji ule, molekuli 1,119 ziliingia upande mmoja na kutokea mwingine, takribani 17 kila nanosekunde.

Mtelezo na hesabu yake

Sasa turudi kwenye tando. Ile "hesabu ya kawaida" iliyozidiwa ni kanuni ya Hagen na Poiseuille, iliyotokana na majaribio ya karne ya 19. Inasema mtiririko katika mrija hukua kwa nusu kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne: mrija ukipungua nusu, mtiririko unashuka mara 16. Ndiyo maana mirija ya nanomita haikutegemewa kupitisha chochote cha maana.

Kanuni hiyo ina dhana moja iliyojificha, kwamba maji yanayougusa ukuta yamesimama. Katika mabomba ya kawaida dhana hiyo haina tatizo. Ndani ya mrija wa kaboni ina tatizo kubwa. Atomi za kaboni katika ukuta zimeachana kwa nanomita 0.142, karibu kuliko upana wa molekuli ya maji, kwa hiyo molekuli inapopita haioni mabonde na vilima vya maana. Hakuna chaji ya kuikamata, hakuna ncha ya haidrojeni ya kushikana nayo. Inateleza. Uigaji umeonyesha tena kwamba ukuta ukijikunja zaidi, yaani mrija ukiwa mwembamba zaidi, msuguano wa maji yaliyo ndani unapungua.

Wataalamu hupima jambo hili kwa urefu wa mtelezo: umbali wa kufikirika nyuma ya ukuta ambako kasi ya maji ingefika sifuri kama mstari wa kasi ungeendelezwa. Ukiujua urefu huo, marekebisho ya kanuni ni mepesi: zidisha mtiririko kwa moja kujumlisha mara nne ya urefu wa mtelezo uliogawanywa kwa nusu kipenyo.

Tuitumie. Mrija wa nusu kipenyo cha nanomita 3.5 ukidaiwa kupitisha maji mara 40,000 zaidi ya kawaida, urefu wa mtelezo unatoka nanomita 35,000, yaani maikromita 35. Hiyo ni mara elfu tano ya kipenyo cha mrija wenyewe. Uigaji wa maji juu ya bapa la kaboni huwa unatoa makumi ya nanomita. Hapo ndipo mtu anapaswa kuweka kalamu chini na kujiuliza upya.

Kuna kizuizi cha pili ambacho kwa maoni yangu hakikupewa uzito wa kutosha katika miaka ile ya mwanzo. Hata ukuta ukikosa msuguano kabisa, maji lazima yajikusanye kutoka hifadhi pana na kujibana yaingie mdomoni, na kujibana huko kunakula shinikizo. Ni kama umati unaotoka uwanjani: hata barabara ya nje iwe pana namna gani, lango ndilo linaloamua. Hesabu ya ukinzani wa mdomo inajulikana tangu 1891, kazi ya Sampson. Ukiilinganisha na kanuni ya Poiseuille unapata dari: ongezeko haliwezi kuzidi mara nane ya urefu wa mrija ikigawanywa kwa mara tatu ya nusu kipenyo iliyozidishwa kwa pai (takribani 3.14).

Kwa mrija wa nusu kipenyo cha nanomita 3.5 na urefu wa maikromita 30, dari hilo ni takribani 7,300. Kwa mrija wa nusu kipenyo cha nanomita 0.8 na urefu wa maikromita 2, ni takribani 2,100. Ukikuta tarakimu inayolipita dari, basi maji hayo yamesafiri bila msuguano ndani na bila gharama mlangoni. Hakuna nadharia ya mtelezo inayoruhusu hilo. Ni kweli kwamba kanuni za maji yaliyo mfululizo hulegea katika vipimo vya nanomita moja, lakini kwenye nanomita 7 bado zina nguvu.

Kugawanya kwa idadi isiyojulikana

Basi kosa lingeweza kuingia wapi? Angalia kinachopimwa. Utando una mabilioni ya mirija kwa kila sentimita ya mraba. Mpimaji anaona maji yote yaliyopita, kisha anagawanya kwa idadi ya mirija iliyo wazi ili apate kasi ndani ya mmoja. Idadi hiyo haionekani kwa macho. Inakadiriwa kwa njia za pembeni. Mirija mingine imeziba katikati, mingine ina vichocheo vya chuma vilivyobaki tangu ilipokuzwa, na vipenyo havifanani. Na kwa kuwa mtiririko unategemea nusu kipenyo kwa kipeo cha nne, mirija michache minene, au ufa mdogo katika plastiki, inaweza kubeba maji mengi kuliko maelfu ya mirija myembamba.

Sisemi kwamba makundi hayo yalikosa umakini. Kundi la Livermore lilijitahidi sana kuthibitisha ukubwa wa vitundu vyake, hata kwa kupitisha chembe za dhahabu za ukubwa unaojulikana na kuona zipi zinazuiwa. Upande wa gesi matokeo yao yanasimama vizuri na fizikia inayoeleweka. Hewa katika shinikizo la kawaida huenda takribani nanomita 70 kabla molekuli moja haijagonga nyingine, kwa hiyo ndani ya nanomita 2 molekuli inagonga ukuta tu. Nadharia ya Knudsen, ya gesi ndani ya vitundu vyembamba, inadhani kila mgongano unaifanya isahau ilikokuwa inaelekea. Kwenye ukuta laini haisahau, huruka ikiendelea mbele, na uigaji wa 2002 ulikuwa umeshatabiri mwendo wa haraka wa aina hiyo.

Kwa maji, hata hivyo, hakukuwa na njia ya kutoka katika mtego wa kugawanya isipokuwa moja: kupima mrija mmoja.

Mrija mmoja

Ugumu wake unaonekana ukishika kalamu. Mrija wa nusu kipenyo cha nanomita 20 na urefu wa maikromita 1, chini ya shinikizo la angahewa moja, hupitisha kwa kanuni ya kawaida takribani femtolita 6 kwa sekunde. Lita moja ina femtolita milioni bilioni. Kukusanya tone la milimita moja ya ujazo kungechukua kama miaka mitano. Hakuna mizani itakayosubiri hivyo.

Mwaka 2016 Eleonora Secchi, Alessandro Siria, Lydéric Bocquet na wenzao, wakiwa École Normale Supérieure, Paris, walipata njia. Chini ya darubini ya elektroni walichomeka mrija mmoja wa kaboni kwenye ncha ya kapilari ya kioo na kuuziba pembeni, maji yasipate njia nyingine. Ncha hiyo wakaiingiza kwenye hifadhi ya maji yenye chembe ndogo za plastiki zinazoelea. Maji yakitoka mrijani kwa shinikizo hutengeneza mchirizi, na mchirizi huo, ingawa ni mdogo kupita kiasi, unayaburuta maji ya nje katika eneo kubwa zaidi ya mrija wenyewe. Umbo la mwendo huo lilishahesabiwa na Landau na Squire miaka mingi nyuma. Kwa hiyo ukifuatilia chembe za plastiki zinavyozunguka mbele ya ncha, unaweza kurudi nyuma kihesabu na kujua mrijani kumetoka nini.

Naipenda mbinu hii kuliko jaribio lolote lingine katika eneo hili. Kitu kisichoweza kukusanywa kinasomwa kupitia kile kinachokitikisa.

Matokeo: mrija wa nusu kipenyo cha nanomita 15 ulitoa urefu wa mtelezo wa takribani nanomita 300. Weka katika kanuni ya juu: moja kujumlisha 80. Ongezeko la mara 81. Katika mirija minene zaidi, hadi nusu kipenyo cha nanomita 50, urefu wa mtelezo ulishuka zaidi ya mara kumi. Mtelezo upo, ni mkubwa, na unategemea unene wa mrija. Lakini mara laki moja haikuonekana. Waigaji walikuwa karibu zaidi na ukweli wa ukubwa wa tarakimu.

Nitridi ya boroni

Ushindi wao haukuwa kamili. Kundi hilohilo lilifanya jaribio lilelile kwa mirija ya nitridi ya boroni. Mpangilio wa atomi zake ni ule ule wa pembesita, na urefu wa bondi unakaribia sana ule wa kaboni. Kwa jicho la mtu anayefikiria ukuta kama sakafu yenye mabonde na vilima, mirija hii miwili ni ndugu. Maji hayakuteleza kabisa katika nitridi ya boroni kwa kiwango ambacho chombo kingeweza kukiona.

Tofauti kubwa kati yao iko kwenye elektroni. Kaboni ya aina hii hupitisha umeme, nitridi ya boroni ni kihami. Atomi za boroni na nitrojeni pia hazigawani elektroni sawasawa, kwa hiyo ukuta una chaji ndogo ndogo zinazopishana, na hesabu za 2014 zilizozingatia elektroni zilionyesha msuguano wa maji juu ya bapa lake ukiwa karibu mara tatu ya ule wa kaboni. Mara tatu ni kitu, lakini haitoshi kuziba umbali kati ya mtelezo wa mamia ya nanomita na kutoteleza. Haielezi pia kwa nini mrija wa kaboni wa nanomita 50 uwe na msuguano zaidi ya ule wa 15, ilhali katika ukubwa huo mkunjo wa ukuta ni hafifu mno kuathiri mabonde na vilima vyake.

Mwaka 2022 Nikita Kavokine, Marie-Laure Bocquet na Lydéric Bocquet walitoa nadharia ya msuguano wa kwanta. Molekuli za maji hazitulii. Chaji zake hutikisika, na mtikisiko huo una masafa yanayofika terahezi, yaani mitikisiko trilioni kwa sekunde. Elektroni za ukuta nazo hutikisika. Masafa yakikutana, maji yanayopita yanaweza kuikabidhi nishati yake moja kwa moja kwa elektroni, bila kupitia mgongano na atomi. Hiyo ni breki ya ziada ambayo uigaji wa kawaida hauioni, kwa kuwa ndani yake ukuta ni atomi tu.

Katika grafiti, yaani kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, elektroni zinaruka kati ya tabaka na tabaka, na mitikisiko ya nishati ndogo inayotokana na kuruka huko inaoana na ile ya maji. Mirija iliyotumika Paris ina kuta nyingi zilizofunikana. Katika mrija mnene tabaka zake zinakaribia hali ya grafiti, kwa hiyo breki inafanya kazi. Katika mrija mwembamba tabaka zilizojikunja hazilingani tena, elektroni hazivuki kirahisi, breki inalegea. Hivyo utegemezi wa unene unapata maelezo ambayo jiometri ya ukuta peke yake haikuweza kuyatoa. Ni nadharia changa, nami naiona yenye nguvu kwa sababu inaeleza kipimo kilichokuwepo kabla yake bila kuongeza kitu kilichobuniwa kwa ajili ya kipimo hicho.

Upande mwembamba kabisa

Yote haya ni mirija ya makumi ya nanomita. Upande wa pili, kwenye mstari mmoja wa Hummer, kipimo cha maana kilikuja mwaka 2017 kutoka kundi la Aleksandr Noy, Livermore. Walitumia vipande vifupi, takribani nanomita 10, vyenye kipenyo cha nanomita 0.8, vilivyochomekwa kwenye utando wa mafuta unaofanana na ule wa seli. Upitishaji wa maji ulizidi ule wa protini zinazopitisha maji katika viumbe hai, na ukazidi kwa kiwango cha mara kumi mirija mipana zaidi.

Kilichonivutia ni mahali walipoukuta ukinzani. Kizuizi kikuu cha nishati hakikuwa safarini ndani ya mrija. Kilikuwa mdomoni, pale molekuli inapolazimika kuzipanga upya bondi zake nne ili ibaki na mbili. Mdomoni hapohapo ndipo chaji hasi za ukingo zinapozuia ioni hasi zisiingie, hata kwenye maji yenye chumvi kuzidi ya bahari. Mtu anayetaka kutengeneza utando bora wa kuchuja chumvi kwa mirija ya namna hii hana faida kubwa ya kuulainisha ukuta zaidi. Kazi yake iko kwenye duara la atomi chache zinazouzunguka mdomo.